Jinsi ya Kuijibu Hotuba ya Rais Bungeni kuhusu Hali ya Taifa

Mara moja kila mwaka Rais wa Kenya huingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa, wabunge na maseneta wakiwa wameketi pamoja, akaieleza nchi hali yake. Kabla hajafika ukurasa wa tatu, simu zetu huwa zimekwisha kujaa majibu: huku anashangiliwa, kule anatukanwa, na kufikia kesho yake jioni mjadala umehamia kwenye jambo jingine kabisa. Mwongozo huu nimemwandikia mwananchi anayetaka jibu lake lidumu zaidi ya usiku mmoja, awe ni mtu binafsi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, kiongozi wa vijana, au imamu na mchungaji ambao waumini wao watawauliza maoni Ijumaa au Jumapili inayofuata. Msimamo wangu ni kwamba jibu lenye thamani ni lile linalomfikia mtu ambaye sheria inamlazimu kulijibu, na jibu la namna hiyo haliwezi kuandikwa na mtu aliyesikiliza makofi tu.

Anza na Katiba kabla ya siku ya hotuba

Hotuba hii si hisani ya kiongozi kwa wananchi wake. Kifungu cha 132 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamtaka Rais alihutubie Bunge katika kikao maalumu mara moja kila mwaka. Kifungu hichohicho kinamtaka pia, mara moja kila mwaka, alieleze taifa hatua zote zilizochukuliwa na mafanikio yaliyopatikana katika kutekeleza maadili ya kitaifa yaliyotajwa katika Kifungu cha 10, achapishe maelezo hayo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na awasilishe mbele ya Bunge la Taifa ripoti ya kujadiliwa kuhusu namna Jamhuri inavyotimiza wajibu wake wa kimataifa. Kwa maneno mengine, hii ni hesabu ambayo tunadai tutolewe, na anayedai hesabu hana budi kujua anadai nini.

Ukisoma Kifungu cha 10 utaona kwamba hakitaji kilomita za barabara wala idadi ya masoko. Kinataja uzalendo, umoja wa kitaifa, ugatuzi, utawala wa sheria, demokrasia na ushirikishwaji wa wananchi. Kinataja utu, usawa, haki ya kijamii, haki za binadamu na ulinzi wa waliotengwa. Kinataja utawala bora, uadilifu, uwazi na uwajibikaji. Na mwisho kinataja maendeleo endelevu. Barabara na hospitali zina nafasi yake halali katika orodha hiyo, lakini ni sehemu tu ya orodha. Kwa sababu hiyo, siku moja au mbili kabla ya hotuba, chukua daftari uandike maadili hayo upande wa kushoto wa ukurasa, moja chini ya jingine, ukiacha nafasi ya kutosha mbele ya kila moja. Hotuba inapoendelea, nafasi zitakazojaa zitakuonyesha serikali inapenda kusikika ikizungumzia nini, na zitakazobaki tupu zitakupa nusu ya jibu lako. Aliyekaa na ukurasa kama huo mwezi wa Novemba 2024 alikuwa na haki ya kuisubiri kwa makini aya ya haki za binadamu, kwa kuwa miezi mitano tu kabla yake vijana walikuwa wameuawa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na hakuna takwimu ya uchumi inayoweza kuchukua nafasi ya aya hiyo.

Jua pia kwamba kinachosomwa si chote kinachowasilishwa. Ripoti ya maadili ya kitaifa, ripoti ya wajibu wa kimataifa, pamoja na ripoti ya hali ya usalama ambayo Baraza la Usalama la Taifa linatakiwa na Kifungu cha 240 kulipelekea Bunge kila mwaka, ni nyaraka zinazojitegemea. Huko ndiko maelezo marefu yaliko, na ni wachache sana wanaozisoma. Hata ukisoma sura moja tu, ile inayohusu kazi yako au eneo lako, utakuwa umewatangulia wengi wanaozungumza redioni.

(Msomaji wa Uganda atakuta kwamba Katiba yake inamtaka Rais alihutubie Bunge mwanzoni mwa kila kikao cha mwaka, na msomaji wa Tanzania atakuta kwamba Ibara ya 91 inamtaka Rais alifungue Bunge jipya kwa hotuba na kumruhusu alihutubie wakati wowote mwingine. Sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa itawafaa nao, isipokuwa sheria za kuomba taarifa, ambazo kila nchi ina zake.)

Siku yenyewe

Kanuni za Kudumu za Bunge zinasema kwamba Rais anapohutubia atasikilizwa kwa ukimya, na kwamba hotuba yake haifuatwi na swali wala maoni papo hapo. Tarehe 31 Machi 2016 baadhi ya wabunge wa upinzani walipuliza firimbi ukumbini, hotuba ikachelewa, na baadhi yao wakatolewa nje. Ninaikumbuka siku hiyo kwa sababu kilichojadiliwa vijijini baadaye kilikuwa ni firimbi, na si mambo ambayo Rais alikuwa amekuja kuyaeleza. Hata aliye na hasira ya haki hupoteza nafasi yake anapojibu kabla hajasikia. Basi nawe sikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi, na usichapishe neno lolote jioni hiyo.

Usiku huohuo au kesho yake, tafuta maandishi kamili ya hotuba kutoka tovuti ya Ikulu au ya Bunge, na siku zinazofuata tafuta Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa ukumbini. Maandishi yaliyoandaliwa na maneno yaliyotamkwa hutofautiana mara kwa mara, kwa sababu msomaji huongeza la kwake au huruka aya. Usitegemee vipande vya video vya sekunde thelathini vinavyosambazwa kwenye makundi ya simu. Vingi hukatwa mahali ambapo sentensi haijaisha, na vingine hubadilishwa kwa makusudi.

Kuna tatizo la lugha ambalo sisi tunaotumia Kiswahili lazima tulikabili. Hotuba husomwa zaidi kwa Kiingereza, huku Kiswahili kikiingizwa hapa na pale, na wengi wetu huipokea kupitia tafsiri ya haraka ya mtangazaji. Mtangazaji hana kosa. Anafanya kazi ngumu bila kupumzika. Lakini katika haraka hiyo, jambo lililopangwa huweza kusikika kama lililotendeka. Kwa hiyo, kila sentensi utakayoijibu, isome kwanza katika lugha iliyosomwa, na kama huielewi vizuri mwombe anayeielewa akusomee neno kwa neno, bila kuongeza maoni yake.

Vitenzi

Ninamfahamu mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu wa miaka mingi, ambaye huhifadhi hotuba hizi katika bahasha za kaki, kila mwaka na bahasha yake. Huzisoma akiwa na kalamu mbili. Penye wakati uliopita hupiga mstari wa buluu. Penye wakati ujao hupiga mstari mwekundu. Na penye wakati uliopo haandiki kitu ila hutia alama ya kuuliza pembeni, kwa maelezo kwamba tendo linaloendelea halina tarehe ya kwisha. Akimaliza, huhesabu mistari. Nimeziona karatasi zake: zipo kurasa ambazo ukizitazama kwa mbali ni nyekundu tupu. Njia yake ni rahisi, nami sijaona iliyo bora kuliko hiyo.

Zaidi ya nyakati, yapo maneno machache yanayohitaji kushikwa kwa uangalifu. La kwanza ni kuzindua. Mradi huzinduliwa siku ya kuwekwa jiwe la msingi, na huzinduliwa tena siku ya kufunguliwa. Katikati inaweza kupita miaka saba. Ukisikia kwamba soko fulani limezinduliwa, uliza ni uzinduzi upi. Maneno mengine ni yale yanayohusu fedha: kutenga, kutoa na kutumia. Fedha zilizotengwa zimeandikwa katika bajeti. Zilizotolewa zimetoka hazina na kuingia katika akaunti ya wizara au kaunti. Zilizotumika zimelipa mkandarasi, dawa au mshahara. Kati ya hatua ya kwanza na ya tatu ndipo miradi mingi ya wananchi hupotelea, na bahati nzuri ni kwamba Mdhibiti wa Bajeti huchapisha ripoti za utekelezaji kila robo ya mwaka zinazoonyesha tofauti hiyo kwa tarakimu. Neno jingine ni kusajiliwa. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), inayosimamia bima ya afya ya umma, ianze kazi tarehe 1 Oktoba 2024, idadi ya waliosajiliwa imetajwa mara nyingi sana hadharani. Lakini aliyesajiliwa si lazima awe amelipa mchango, na aliyelipa mchango si lazima awe ametibiwa. Hayo ni maswali matatu tofauti, na jibu la wananchi likiyachanganya, ofisa yeyote atalikataa kwa sentensi moja.

Liko pia suala la kauli ya kutendwa. Mwalimu huyo hupenda kuuliza, kuhusu kila sentensi ya namna hii: "Mtendaji yuko wapi?" Makosa yalifanywa, hatua zitachukuliwa, imebainika kwamba kulikuwa na upungufu: aliyefanya, atakayechukua na aliyebaini wote hawamo. Unapoijibu sentensi kama hiyo, kazi yako ni kumrudisha mtendaji mahali pake, kwa kuuliza ni wizara ipi, ni ofisi ipi, na ni kufikia lini. Mwaka mmoja tulimpelekea rasimu ya taarifa ya kikundi chetu, tukitumaini atatusifu. Aliirudisha baada ya siku mbili ikiwa na duara jekundu mahali tulipoandika kwamba "imeonekana wananchi hawaridhishwi". Pembeni aliandika: Nani ameona? Wangapi? Wapi? Tuliona haya, kisha tukaenda nyumba kwa nyumba kwa siku tatu kutafuta majibu ya maswali hayo, na taarifa tuliyoiandika baadaye ndiyo ya kwanza iliyowahi kujibiwa kwa maandishi.

Hesabu

Takwimu za hotuba mara nyingi ni za kweli, ila huwa hazijibu swali ambalo msikilizaji anadhani zinajibu. Mfano ulio wazi kabisa ni mfumuko wa bei. Kwa takwimu za Shirika la Kitaifa la Takwimu, kiwango cha mwaka kilikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, asilimia 6.9 Oktoba 2023 na asilimia 2.7 Oktoba 2024. Serikali inapotaja kushuka huku inasema kweli, na ni jambo jema linalostahili kukubaliwa. Lakini mama anayenunua unga, mafuta na sukari anaposikia kwamba mfumuko umeshuka, hutarajia bei zishuke, na anapofika dukani asione hivyo huhitimisha kwamba amedanganywa. Hesabu yenyewe ni hii: kapu la bidhaa lililogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021 lilifika shilingi 1,096 mwaka mmoja baadaye, kisha takriban shilingi 1,172 Oktoba 2023, kisha takriban shilingi 1,203 Oktoba 2024. Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Bei zenyewe ziliendelea kupanda polepole. Jibu lenye nguvu, basi, halisemi kwamba takwimu ni uongo. Linakubali takwimu, halafu linauliza mapato ya mfanyakazi au mkulima yamepanda kwa kiasi gani katika miaka hiyo mitatu, kwa sababu hapo ndipo maumivu yalipo.

Kiasi kikubwa cha fedha kigawanye hadi kifike ukubwa unaoweza kuuona. Kaunti ni 47 na maeneo bunge ni 290. Shilingi bilioni 10 zikigawanywa kwa kaunti ni karibu milioni 213 kila moja; kwa maeneo bunge ni takriban milioni 34 na nusu; na kama ahadi ni ya miaka mitatu, gawanya tena kwa tatu. Baada ya hapo unaweza kumuuliza mbunge wako swali ambalo hana pa kukwepea: sehemu yetu ni kiasi hiki, imefanya nini?

Sikuitaja bilioni 10 kwa kubahatisha. Tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta, akilihutubia Bunge, aliomba radhi kwa niaba yake, ya serikali yake na ya serikali zote zilizomtangulia kwa madhila waliyotendewa Wakenya, akaagiza kuanzishwa kwa hazina ya shilingi bilioni 10 kwa kipindi cha miaka mitatu ili kuwafidia na kuwaponya waathiriwa. Ulikuwa msamaha mzito, na wapo wazee waliolia wakiusikia. Miaka iliyofuata, makundi ya waathiriwa yaliendelea kudai kanuni za hazina hiyo na fedha zenyewe. Mfano huu unatufundisha jambo la utaratibu: neno la radhi lilitimia pale pale lilipotamkwa, lakini hazina ilihitaji kanuni, bajeti na ofisi ya kuisimamia. Unaposikia ahadi ya fedha, andika mara moja maswali hayo matatu kando yake, na uyaulize mwaka huohuo, kabla watu hawajachoka.

Kwa ajili hiyo, usisome hotuba ya mwaka huu peke yake. Iweke mezani pamoja na ya mwaka jana na ya mwaka juzi, na uitafute kila ahadi yenye tarehe: imerudiwa kwa maneno yaleyale, imesogezwa mbele, imetimia, au imenyamaziwa? Ahadi iliyotoweka bila maelezo ndiyo inayostahili swali la kwanza.

Tamko lisilotarajiwa

Wakati mwingine jambo kubwa la siku halimo katika orodha yako yote. Tarehe 21 Novemba 2024 Rais William Ruto aliagiza kufutwa mara moja kwa mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India kazi ya kuupanua uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, pamoja na mkataba wa nyaya za umeme ambao kampuni hiyo ilikuwa imeingia na KETRACO, shirika la umma la kusafirisha umeme. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Siku moja kabla yake, waendesha mashtaka wa Marekani walikuwa wametangaza mashtaka ya ulaghai yanayohusu madai ya hongo dhidi ya mwenye kampuni hiyo.

Ni rahisi kulichukulia tamko kama hilo kuwa limeshuka kutoka juu. Ukweli ni kwamba lilikuwa na miezi ya kazi ya wananchi nyuma yake: Septemba mwaka huo Chama cha Mawakili na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika lisilo la kiserikali, walikwenda Mahakama Kuu na mpango wa uwanja wa ndege ukasimamishwa kwa muda, na tarehe 11 Septemba wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma. Anayelijibu tamko la ghafla kwa uzito hulipokea, huwataja waliolipigania, kisha huuliza yaliyobaki: je, ni hati ipi rasmi inayofuta mkataba, inapatikana wapi, kuna fidia inayodaiwa, na nani alipitisha jambo hilo hatua kwa hatua hadi likafika pale? Uwazi na uwajibikaji, tukumbuke, vimo katika Kifungu cha 10.

Kuliandika jibu

Chagua jambo moja, au mawili ukilazimika. Watu hudhani kwamba kujibu kila aya ni ishara ya umakini, lakini taarifa yenye hoja kumi na nne hurudishiwa jibu la shukrani na kuwekwa kwenye faili. Chagua lile unalolijua kwa macho yako: zahanati ya kijiji chako, barabara unayopita, shule anayosoma mwanao, bei unayouzia mahindi au samaki wako.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba hotuba imesema dawa sasa zinafika katika zahanati za umma kwa wakati. Jibu dhaifu litasema kwamba huo ni uongo na kwamba wananchi wanateseka. Jibu imara litakuwa na sura hii:

"Katika hotuba ya mwaka huu, ukurasa wa kadha, ilielezwa kwamba dawa zinafika katika zahanati za umma kwa wakati. Sisi wakazi wa kata hii tulitembelea zahanati yetu mara nne kati ya Septemba na Novemba. Katika ziara tatu, dawa ya shinikizo la damu haikuwepo, na wagonjwa waliandikiwa wakanunue nje. Tunaomba tuelezwe dawa hizo ziliagizwa lini, zilifika lini, na ni nani anayesimamia usambazaji wake. Tunashukuru kwamba chanjo za watoto zilipatikana katika ziara zote nne."

Tazama sentensi ya mwisho. Si ya kubembeleza. Inamwonyesha msomaji kwamba walioandika walikwenda kuangalia, hawakwenda kutafuta kosa. Na jambo jema lililofanyika lina haki ya kusemwa na wale waliofaidika nalo. Mimi husikitika ninapoona taarifa za vikundi vyetu zikikosa kabisa neno la kukiri, kana kwamba kukiri ni kujiuza.

Jina la kabila la kiongozi, la mbunge au la ofisa lisiwemo popote katika jibu lako. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wako wa kusema, na kifungu hichohicho kinauondoa ulinzi huo kwa uchochezi wa fujo na matamshi ya chuki. Lakini hata bila sheria, ukishataja kabila umempa unayemuuliza njia ya kuliacha swali lako na kujitetea kwa jingine.

Kulipeleka

Baada ya hotuba, katika Bunge la Taifa huwasilishwa hoja ya shukrani, na wabunge huijadili kwa siku chache za vikao. Huo ndio wakati ambapo mbunge wako anatafuta la kusema. Mpelekee ukurasa wako ofisini kwake katika eneo bunge siku hizohizo, mkononi, ukipata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Halafu fuatilia katika Hansadi kama alisimama na alisema nini. Kama jambo linahusu kazi iliyogatuliwa, kwa mfano zahanati, peleka nakala kwa mwakilishi wadi na kwa seneta pia, kwa sababu zahanati zimo mikononi mwa serikali ya kaunti na Rais hawezi kuwajibishwa kwa kila kufuli iliyofungwa huko.

Ukitaka hati au takwimu, tumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, hulazimiki kueleza sababu, na ofisi ya umma inatakiwa kulijibu ndani ya siku 21, ambazo inaweza kuziongeza mara moja kwa siku zisizozidi 14. Habari inayogusa uhai au uhuru wa mtu hutakiwa kutolewa ndani ya saa 48. Unaweza kutozwa tu gharama halisi ya kunakili na, ikibidi, ya kukufikishia nakala. Andika wazi unachokitaka: mkataba fulani, hati ya malipo ya mwaka fulani, orodha fulani. Ombi la kutaka "habari zote kuhusu barabara" litakupatia kijitabu cha picha.

Jambo likihitaji Bunge lenyewe lichukue hatua, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi mbele yake. Ombi hilo huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutwafutwa, likieleza tatizo, hatua mlizochukua kwanza katika ofisi zinazohusika na matokeo yake, na kama suala liko mahakamani au la. Kisha hufuatwa na majina, anwani, nambari za kitambulisho na sahihi au alama za vidole gumba za waombaji. Hupelekwa kwa Karani wa Bunge, au huwasilishwa na mbunge kwa niaba yenu. Kikundi ambacho tayari kimefanya ziara na kuandika barua kitakuta kwamba sehemu kubwa ya ombi hili imekwisha kuandikwa.

Weka tarehe katika kalenda. Siku ya 21 tangu ombi lako lipokelewe ni ya kwanza. Tarehe 31 Desemba ni ya pili, kwa sababu mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni na Katiba inampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita kukagua na kutoa ripoti; na kwa kuwa katika miaka ya karibuni hotuba imekuwa ikitolewa Novemba, ripoti hiyo mara nyingi huja baada yake, ikiwa na majibu ya maswali ambayo hotuba haikuyagusa. Ukinyimwa habari, una siku 30 za kuiomba Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, iupitie uamuzi huo. Ambatanisha nakala ya ombi lako yenye muhuri wa kupokelewa, barua ya kukataliwa kama ipo, na ukurasa wa hotuba uliokufanya uulize. Nakala ya hayo yote itie katika bahasha, andika mwaka juu yake, na mwakani itoe uisome asubuhi ya hotuba, kabla hujafungua redio.